Fuso inatoa moshi mweusi mlimani? Anzia hapa

Wazee mnaopandisha saruji Newala, moshi wa ekzosi unaongea, uangalieni kabla hamjamkimbilia fundi. Asubuhi injini ikiwa baridi moshi mweupe kidogo ni kawaida, dizeli haijaungua yote, ila ikishapata moto na bado mweupe halafu maji ya rejeta yanapungua, hapo mara nyingi ni gasketi ya hedi imeungua, ile inayozuia maji yasiingie kwenye silinda. Haya, mlimani sasa: ukikomaa na gia kubwa injini inalemewa, dizeli inaingia nyingi hewa haitoshi, moshi mweusi tii na mafuta yanakwisha hivihivi. Shusha gia mapema uiache izunguke. Bado mweusi? Fungua ea klina, yaani chujio la hewa, hili vumbi letu la kiangazi linaiziba balaa, yangu niliigonga chini likadondoka laini kama unga wa muhogo, tofauti rangi tu. Kama ni safi, peleka nozeli, zile zinazopuliza dizeli ndani ya injini, zikapimwe. Bluu ni oili inaungua, angalia ringi za pistoni. Na msimwambie fundi aongeze dizeli kwenye pampu eti gari ipate nguvu, dizeli ikiizidi hewa, yanatoka masizi tu.