Ugoko unauma kila ukikimbia? Soma hapa kabla hujaacha mazoezi

Mvua zikishakatika, asubuhi zikaanza kuwa na kale kabaridi ketu, barabara za Dodoma zinajaa watu wa mazoezi, wa Kisasa, Area D, Nkuhungu, kule chuo kikuu UDOM ndo usiseme. Wiki ya tatu ukipita wamebaki nusu. Ukiwauliza waliopotea wengi jibu ni moja, ugoko. Mimi mwenyewe ulinipata nikijiandaa na mbio za kilomita 21, nilitoka siku tatu kwa wiki nikaruka hadi sita, ukaanza kuuma nikawa nachua na dawa jioni, asubuhi natoka tena. Ilinigharimu wiki nane nimekaa nyumbani. Kwaiyo haya nayoandika nayajua kwa maumivu.

Kwanza jua una nini. Kaa chini, pitisha kidole taratibu upande wa ndani wa mfupa wa ugoko kuanzia juu ya kifundo kupanda. Kama maumivu yametandaa, eneo refu kama upana wa vidole vitatu au zaidi, na yanakuja unapoanza kukimbia, basi mara nyingi ni mfupa na nyama zinazoushika vimechoka, unapunguza mzigo unapona. Ila kama ni sehemu moja ndogo, ukiibonyeza unaruka, afu inauma hata ukitembea au usiku umelala, hapo acha kukimbia kabisa nenda hospitali, mfupa unaweza kuwa umeanza ufa. Na tafadhali, eksirei ya siku za mwanzo inaweza kutoka safi wakati ufa upo, kwaiyo ukiambiwa hamna kitu na maumivu yako palepale, rudi tena.

Sasa kwanini linatokea. Kila unapokanyaga ukikimbia mguu unabeba kama mara mbili hadi tatu ya uzito wako, na mfupa ni kitu hai, ukiupa kazi mpya mwili unaanza kubomoa sehemu zilizochoka halafu ndo unajenga upya, na kule kujenga ni kwa miezi sio kwa wiki. Pumzi yenyewe inawahi sana kuzoea. Ndo maana mtu wiki ya tatu anajisikia mwepesi anaongeza kilomita, kumbe mfupa wake bado uko kwenye kubomoa. Mtego uko hapo, na watu wengi wanaumia kwa sababu hiyo.

Anza hivi: siku tatu kwa wiki zisizofuatana, kimbia dakika 2 tembea dakika 1, rudia mara nane. Wiki mbili hivohivo hata kama unaona ni kazi ya watoto. Baada ya hapo ongeza kitu kimoja tu kwa wakati, ukiongeza umbali usiongeze spidi, na vilima vya UDOM viache mwishomwisho, hasa kule kushuka maana kushuka ndo kunagonga mfupa kuliko kupanda. Angalia mkimbiaji wa marathoni Alphonce Simbu, kijana wa hapo jirani Singida, shaba ya dunia London 2017, dhahabu Tokyo 2025 kwa saa 2:09:48 muda uleule na Mjerumani Amanal Petros wakatenganishwa na picha. Kati ya medali hizo mbili ni miaka minane ya kukimbia. Wewe unataka wiki tatu!

Kitu cha pili ni hatua. Mwambie mwenzako akurekodi kwa simu ukipita ubavuni kwake, kisha angalia pale mguu unapogusa chini. Kama unyayo umetua mbele kabisa ya goti na mguu umenyooka kama mti, unajipiga breki kila hatua na ule mshtuko unapanda kwenye ugoko na goti. Usihangaike kubadilisha sijui kisigino sijui vidole. Wewe fupisha hatua tu. Hesabu miguu yote miwili inagusa chini mara ngapi kwa dakika, tuseme umepata 156, ongeza asilimia 5 utafute kama 164 kwa spidi ileile, mwanzo utajiona unakimbia kama kuku lakini baada ya wiki kadhaa mwili unazoea. Na ile hatua 180 kwa dakika inayosemwa sana sio sheria, inategemea urefu na spidi yako.

Tatu, vigimbi. Simama kwenye ngazi kwa mguu mmoja, shika ukuta, panda juu ya vidole kwa sekunde mbili shuka kwa tatu, mara 12, raundi tatu, kisha rudia goti likiwa limekunjwa kidogo maana kuna msuli wa ndani unaofanya kazi vizuri zaidi goti likikunjwa. Siku tatu kwa wiki inatosha. Lenga kufika 20 kwa mguu mmoja bila kuyumba. Wale wa mpira ongezeni ile ya kupiga magoti mwenzako akushike vifundo, unashuka mbele taratibu bila kukunja kiuno, tafiti zimeonyesha inapunguza kuumia misuli ya nyuma ya paja karibu nusu.

Njia nayo. Lami inainama pembeni ili maji yatiririke, ukikimbia ukingo uleule kila siku mguu mmoja unakuwa kama mrefu. Udongo wetu wakati wa kiangazi ni mgumu kama sakafu, usidhani ukitoka lami umeshapona. Na mchanga wa makorongo ni laini kweli ila unachosha vigimbi vibaya mno, nenda huko kwa dakika chache tu.

Chakula sasa, hapa naomba dada zangu wasikilize zaidi. Mtu anakimbia saa kumi na moja alfajiri tumbo tupu, anakunywa chai ya rangi na andazi moja, anakaa hadi saa nane mchana kisa anataka kupungua. Mfupa hauwezi kujijenga kwa njaa. Ukiona hedhi imekata miezi mitatu na huna mimba, sio dalili ya kuwa fiti hiyo, nenda kwa daktari. Kula ugali wako wa uwele au mtama, mlenda uliotiwa karanga, maharage, na dagaa wazima na mifupa yao maana kalsiamu iko humo, pamoja na maziwa. Mwenye kilo 60 alenge protini gramu 80 hivi kwa siku, yai moja ni kama gramu 6, glasi ya maziwa 8, kikombe cha maharage yaliyoiva kama 15, hesabu mwenyewe. Juisi ya ubuyu inywe pamoja na chakula, vitamini C yake inasaidia madini ya chuma yaliyomo kwenye uwele na maharage yaingie mwilini, chai isubiri saa moja baadae. Joto la mwezi wa kumi ukikimbia zaidi ya saa, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vya kulinganisha, nusu kijiko kidogo cha chumvi, basi.

Usimeze dawa ya maumivu kama diklofenaki ukaenda kukimbia, unaficha tu taarifa. Kabla ya kurudi tembea kwa kasi dakika 30, kesho yake ruka kwa mguu unaouma mara kumi. Hauumi? Rudi kwenye ile dakika 2 kwa 1. Unauma, subiri siku tatu ujaribu tena, vigimbi endelea navyo kama havikuumizi.