Kuchagua Itifaki ya VPN kwenye Simu na Kompyuta

Anayefungua mipangilio ya programu yake ya VPN (huduma inayopitisha data zako kwa usimbaji hadi seva ya mbali) hukuta orodha ya itifaki, yaani kanuni za kuwasiliana na seva hiyo, zenye majina kama WireGuard, OpenVPN UDP, OpenVPN TCP, IKEv2 na pengine L2TP au PPTP, na juu yake chaguo la kuiachia programu iamue yenyewe. Wengi huliacha chaguo hilo lilivyo, na kwa kawaida hawakosei. Anayelazimika kuchagua ni yule ambaye muunganisho wake unakatika, unasuasua au haushiki kabisa, pamoja na yule anayejiwekea seva yake mwenyewe.

Anza kwa kuondoa zisizofaa. PPTP ni ya miaka ya 1990, na mwaka 2012 mtaalamu wa usalama wa kompyuta Moxie Marlinspike alionyesha hadharani kwamba kuvunja MS-CHAPv2, njia inayotumika humo kumthibitisha mtumiaji, ni sawa na kuvunja ufunguo mmoja tu wa DES, mbinu ya zamani ya usimbaji, wenye biti 56. Programu inayoitaja bado kama chaguo la kasi haistahili kuaminiwa hata katika mambo mengine. L2TP kwa upande wake haisimbi chochote peke yake. Hutegemea IPsec, itifaki nyingine inayofanya usimbaji, na baadhi ya watoa huduma wamekuwa wakitumia ufunguo mmoja kwa wateja wote na kuuchapisha kwenye tovuti zao, jambo linalompa mdukuzi nafasi ya kujifanya seva.

Kati ya tatu zinazobaki, ijaribu kwanza WireGuard. Iliandikwa na Jason Donenfeld na kuingizwa katika kiini cha Linux toleo 5.6, Machi 2020, ikiwa na takriban mistari 4,000 ya msimbo, kiasi ambacho mkaguzi mmoja anaweza kukisoma chote. Husimba kwa ChaCha20, mbinu ya usimbaji ambayo hukimbia vizuri hata kwenye simu za bei nafuu ambazo prosesa zake hazina sehemu maalumu ya kushughulikia AES, mbinu nyingine ya usimbaji. Ukitoka nyumbani kwenye Wi-Fi na kuingia kwenye daladala ukitumia data za simu, muunganisho huendelea bila kuanzishwa upya. Dosari yake ya faragha ni kwamba seva, katika hali yake ya kawaida, hubaki na anwani ya IP uliyoitumia mwisho kwenye kumbukumbu yake. Soma sera ya mtoa huduma uone anaifutaje.

Dosari nyingine ni kwamba WireGuard hupita kwa UDP pekee, njia ya kutuma data bila kuhakikisha kwamba zimefika, na mitandao ya baadhi ya hoteli, vyuo na ofisi huizuia. Utaijua hali hiyo kwa kuangalia takwimu ndani ya programu ya WireGuard: kiasi cha data zilizotumwa kinapanda kidogo kidogo, ilhali kilichopokelewa kimebaki sifuri. Hapo usipoteze muda kubadilisha nchi ya seva; hakikisha kwanza kwamba funguo ziko sahihi, kisha badilisha itifaki. Ikiwa data zinapokelewa lakini baadhi ya kurasa zinagoma kufunguka, punguza MTU (ukubwa wa juu wa pakiti, yaani kipande cha data, kwa baiti) kutoka 1420 hadi 1280 kabla ya kulaumu itifaki.

Itifaki ya kukimbilia hapo ni OpenVPN kwa TCP, njia inayohakikisha kila pakiti imefika, kupitia poti (mlango wa mtandao wenye namba) 443, ambayo ndiyo hutumiwa na tovuti za HTTPS, hivyo msimamizi wa mtandao hawezi kuifunga bila kuzuia karibu kila kitu. Vifaa vinavyochunguza pakiti kwa undani huweza kuitambua hata hivyo. Gharama yake ni kasi: pakiti ikipotea njiani, TCP ya nje (ya VPN) na ile ya ndani (ya tovuti unayofungua) zote hutaka kuituma upya, zikazuiliana. Kwa hiyo ukihamia kwenye mtandao usiozuia, rudi kwenye UDP.

IKEv2 inamfaa asiyetaka kusakinisha programu, kwa sababu imo tayari ndani ya iPhone, Windows na macOS, na kiendelezi chake cha MOBIKE huihamisha bila shida kati ya Wi-Fi na data za simu. Hutegemea poti 500 na 4500 za UDP, nazo ni rahisi kuzifunga.

Hakuna itifaki inayomzuia mwenye seva kuona tovuti unazozitembelea, wala inayobadilisha sheria ya mahali ulipo. Nchini Tanzania, kwa mfano, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilitoa tangazo Oktoba 2023 ikiwataka watumiaji wa VPN kujisajili kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo.

Ukishachagua, nenda kwenye mipangilio ya mtandao ya Android, gusa alama ya gia kando ya jina la VPN yako, uwashe chaguo la VPN kuwa hewani wakati wote na lile la kuzuia miunganisho isiyopitia VPN. Kisha zima VPN ndani ya programu yake na ujaribu kufungua tovuti yoyote. Ikifunguka, kizuizi hakijashika, na inakubidi urudi kuangalia chaguo la pili.