Kupima uimara wa machozi na upepesaji wa vijana kwa vifaa vya kliniki ya kawaida

Kijana akiingia kliniki hapa Tanga na kusema macho yanamchoma ikifika jioni, wengi wetu tunakimbilia kupima muda wa machozi kukatika, yaani sekunde tangu apepese mpaka utando wa machozi juu ya jicho uanze kupasuka. Tukipata sekunde nane, tunamwandikia matone na kumuita anayefuata. Lakini sekunde nane peke yake haina maana mpaka ujue mwenye jicho anapepesa kila baada ya sekunde ngapi. Vipimo hivi viwili husomwa pamoja, na vyote vinapatikana katika kikao kimoja ukiwa na darubini ya macho yenye mwanga wa buluu, karatasi za fluoresini (rangi ya kuonyesha machozi), salaini safi, simu yenye kamera na kitu cha kuishikilia.

Fuata mpangilio huu bila kuruka. Kipimo kisichogusa jicho kinatangulia, kinachogusa kinafuata, maana jicho likishachokozwa hutoa machozi ya ziada na kila utakachopima baada ya hapo kimeharibika.

Hatua ya 1: Chumba na mtu

Zima feni. Najua msimu wa kaskazi kuzima feni ni mateso kwenu wote wawili, ila upepo unaompiga mtu usoni unakausha machozi na kufupisha muda utakaoupima. Kiyoyozi kielekezwe mbali na kiti. Dereva wa bodaboda aliyeshuka kwenye pikipiki sasa hivi apumzike ndani robo saa kwanza.

Muulize kama ametia dawa yoyote ya matone siku hiyo. Anayevaa lenzi laini juu ya jicho azitoe, kwa kuwa fluoresini huzitia rangi. Na muulize dada kuhusu wanja kabla hajakalia kiti. Chembe za wanja na mafuta yake huelea juu ya machozi. Kwenye darubini utaziona zikipanda juu kila kope inapofunguka. Usimfute hapo hapo ukaendelea kupima, kwani kule kusugua kope kunaita machozi. Mpangie siku nyingine aje bila wanja.

Hatua ya 2: Maswali

Tumia OSDI, dodoso la dalili za macho makavu lenye maswali 12. Jumla ya alama izidishe kwa 25, kisha gawanya kwa idadi ya maswali yaliyojibiwa. Asiyeendesha chombo, swali la kuendesha usiku liache. Ndiyo sababu tunagawanya kwa yaliyojibiwa tu. Alama 13 au zaidi inahesabika kuwa ana dalili.

Hatua ya 3: Upepesaji

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Ukimwambia mtu "nakuhesabia unavyopepesa", umeshaharibu kipimo: ataanza kupepesa kwa kufikiria. Omba ruhusa ya kurekodi macho yake wakati anasoma, usitaje kupepesa. Ukimaliza mweleze yote, na asiporidhia futa video mbele yake.

Weka simu pembeni kidogo, chini ya usawa wa macho, kope zote mbili zionekane. Mrekodi katika hali mbili: akizungumza nawe, kisha akisoma kimya kwenye simu yake mwenyewe. Mwache achague cha kusoma. Kijana anayefuatilia timu ya soka ya Coastal Union akipewa habari za Wagosi wa Kaya atazama humo, na hapo ndipo utaona macho yake ya kila siku. Mpe dakika tatu au nne. Dakika ya kwanza usiihesabu, bado anakumbuka kamera.

Kisha angalia video taratibu na uandike mambo matatu:

- Amepepesa mara ngapi kwa dakika. Mtu aliyetulia hupepesa kama mara 15 hadi 20. Akiwa anasoma kwenye kioo cha simu au kompyuta idadi hushuka sana.
- Ngapi kati ya hizo hazikukamilika, yaani kope ya juu iliteremka ikageuka njiani kabla ya kukutana na ya chini. Sehemu ya chini ya konea, kioo cha mbele cha jicho, ndiyo inayoumia kwa upepesaji huu, na madoa ya ukavu mara nyingi utayakuta huko.
- Pengo refu kuliko yote kati ya kupepesa kumoja na kunakofuata. Wastani huficha mapengo haya, nami huyatazama kabla ya wastani wenyewe.

Andika pia simu ilikuwa wapi. Anayetazama chini anafungua jicho kidogo. Anayetazama kompyuta iliyo usawa wa uso analiacha wazi zaidi, na machozi yanapotea haraka.

Hatua ya 4: Bila rangi

Kama una keratometa (kifaa cha kupima mbinuko wa konea), mwombe apepese kisha atulie, nawe tazama duara linaloakisiwa kwenye konea. Hesabu sekunde mpaka mstari wake upinde au uvunjike. Rudia mara tatu. Huna kifaa hiki? Endelea mbele.

Hatua ya 5: Kwa fluoresini

Kipimo hiki kilielezwa na Norn wa Denmark mwaka 1969, na bado wengi wetu tunakiharibu kwa kutia rangi nyingi. Rangi nyingi hubadilisha machozi yenyewe. Dondoshea karatasi tone moja la salaini, ikung'ute, kisha gusa kidogo tu ndani ya kope ya chini, upande wa nje. Usiguse konea wala usitie ganzi. Kila mtu na karatasi yake mpya. Fluoresini ya chupa ni makazi mazuri ya bakteria aina ya Pseudomonas, nao wanaweza kuangamiza konea.

Mwambie, "Kaka, pepesa mara tatu, kisha tulia utazame mbele, usipepese mpaka nikuambie." Anza kuhesabu kope inapofunguka mara ya mwisho. Chini ya mwanga wa buluu utaona kijani kimetanda sawasawa. Doa au mstari mweusi wa kwanza ukitokea, simamisha saa. Kichujio cha njano kitakusaidia kuuona mapema. Chukua wastani wa vipimo vitatu.

Akipepesa kabla ya doa kutokea, rudia. Jicho likianza kutiririka, acha, mpe muda. Na doa likitokea mahali pale pale kila mara, papo hapo jicho linapofunguka, kagua konea yenyewe: huenda kuna kovu dogo, na hicho si kipimo cha machozi.

Chini ya sekunde 10 kwa kawaida tunasema machozi si imara. Vigezo vya wataalamu wa Asia vinataka sekunde 5 au pungufu pamoja na dalili.

Hatua ya 6: Kuziweka pamoja

Gawanya 60 kwa idadi ya kupepesa wakati anasoma, upate sekunde za pengo la kawaida. Kisha gawanya muda wa machozi kukatika kwa pengo hilo. Jibu likiwa chini ya 1, konea inabaki wazi kabla kope haijarudi.

Chukua kijana wa kibanda cha miamala Ngamiani, machozi yanakatika sekunde ya 8, anapepesa mara 5 kwa dakika. Pengo ni sekunde 12, jibu ni 0.67. Dereva wa bodaboda machozi yake yanakatika sekunde ya 6, lakini anapepesa mara 15. Pengo ni sekunde 4, jibu 1.5. Mwenye namba mbaya zaidi ya machozi ndiye aliyekingwa zaidi. Yule wa miamala kabla ya kumpa matone mfundishe kufunga macho kikamilifu na kuyapumzisha kila baada ya muda, halafu mpime upya saa ile ile ya siku, kwenye kiti kile kile, feni ikiwa imezimwa.