Jinsi ya kugeuza hadithi ya maajabu ya zamani kuwa mchezo wa karata za turufu

Kosa ambalo karibu kila mtu anaanza nalo, na mimi nimo, ni kubandika picha za wahusika kwenye karata za kawaida halafu unajisifu umetengeneza mchezo. Hapo umebadilisha nguo tu, ndani ni wahedusitini ileile, mchezo wa karata tuliouzoea. Hadithi iingie kwenye kanuni zenyewe.

Chukua ile ya Alice ya Lewis Carroll, ya 1865, iliyotoka kwa Kiswahili 1940 kama Elisi Katika Nchi ya Ajabu. Mwandishi kafa 1898, haki zake zilishaisha zamani, hakuna wa kukudai kwa hadithi yenyewe. Afu mle kuna wahusika ambao ni karata tayari! Kopa watoto wa mfalme, pau askari, uru watu wa ikulu, shupaza watunza bustani.

Usiwabebe wote. Mara ya kwanza nilitia kanuni 11 na raundi ya pili watu washashika simu. Tafuta tukio moja ambalo mtu anaogopa kitu. Mi nilichukua la bustani, shupaza ya 2, ya 5 na ya 7 wamepanda waridi jeupe kimakosa, malkia alitaka jekundu, sasa wanahaha kulipaka rangi kabla hajatokea maana akiliona tu vichwa vinaruka.

Mnacheza wanne, turufu (aina inayokula nyingine zote) ni kopa siku zote, aina ya karata iliyotangulia lazima uifuate kama unayo, pointi hesabuni mlivyozoea. Ila ukishika mojawapo ya zile shupaza tatu unaruhusiwa kuitupa kama kopa hata kama una ya kufuata, unasema "nimepaka", inakuwa ndogo kuliko kopa zote lakini inakula hata ree ya uru ya mwenzio, na hapo ndo utamu. Sasa malkia wa kopa akianguka mzunguko huohuo, umekatwa pointi 10. Mfalme wa kopa naye akitokea hapohapo umesamehewa, kitabuni ndo zake, mkewe anahukumu yeye anasamehe chinichini.

Jaribu na karata za dukani, usiprinti kitu bado. Sisi tulivyojaribu tukakuta anayetupa wa mwisho anapaka bila wasiwasi wowote, kashaona malkia hayupo, hofu yote imekufa. Tukaongeza kanuni moja tu: wa mwisho hapaki.