Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kujibu Maswali ya Maelezo Katika Mtihani wa Fizikia

Soma kwanza swali linakuamuru nini. Ukiambiwa utaje, orodha inatosha. Ukiambiwa ueleze, toa sababu. Ukiambiwa ulinganishe, pande zote mbili zionekane katika kila hoja. Ukiombwa hoja 3, andika 3. Tazama pia maksi zilizoandikwa pembeni, kwa kuwa mtihani wa saa 3 wenye maksi 100 unakupa chini kidogo ya dakika 2 kwa kila maksi, na swali la maksi 4 halistahili kukulia robo saa.

Linalowaangusha watahiniwa hodari ni kuandika mengi huku wakiruka hatua zenye maksi. Nilimfundisha kijana mmoja wa kidato cha 4, fundi wa redio za bweni zima, ambaye katika mtihani wa majaribio aliulizwa, kwa maksi 4, kwa nini umeme husafirishwa mbali kwa volteji kubwa. Alijaza ukurasa na zaidi: maji yanavyozungusha mitambo ya Kidatu, njia ya kilovolti 220 inayokwenda Dar es Salaam, nguzo za chuma na vihami vyake. Yote yalikuwa kweli. Kisha akamalizia kwamba volteji kubwa hupunguza upotevu wa umeme, akapata maksi 1.

Mistari mitano ingetosha. Kwa kiasi kilekile cha nguvu ya umeme, volteji ikipanda, mkondo hupungua. Joto linalopotea kwenye waya hutegemea ukinzani wa waya na kipeo cha pili cha mkondo. Kwa hiyo volteji ikiongezwa mara 10, mkondo hubaki sehemu moja ya kumi, na joto linalopotea hubaki sehemu moja ya mia. Nilipomuuliza ana kwa ana aliyataja hayo yote bila kusita. Hakuyaandika kwa sababu aliyaona ni ya wazi mno, na kwamba mwalimu anayajua. Msahihishaji hutoa maksi kwa kilichoandikwa tu, hata kama anaona dhahiri kwamba mtahiniwa anaelewa. Ukurasa ule ulimla muda pia, hata swali la mwisho la hesabu akaliacha nusu.

Basi kabla ya kuandika, jiulize kila maksi itatoka katika sentensi ipi, na hatua unayoiona nyepesi iandike hiyohiyo kwanza. Usirudie swali kwa maneno mengine. Historia ya kifaa iache, isipokuwa umeulizwa. Mchoro uwe na majina ya sehemu zake, namba za hesabu ziwe na vizio, na muda ukibaki, rudi kwenye majibu mafupi uone kama kila dai lina sababu yake. Usifute jibu dakika ya mwisho kwa wasiwasi tu, na hakikisha namba ya swali imeandikwa sawasawa kwenye kila ukurasa.