Kalamu ya mwanzi na wino wa kibatari: somo la kuandika methali yako ya kwanza

Asalaam aleikum, jamaa zangu.

Tangu nilipowaonesha ile "Haba na haba hujaza kibaba" niliyoiandika kwa herufi za Kiarabu kumpa mdogo wangu kwa harusi yake, swali limekuwa moja: kalamu umeinunua wapi? Sikuinunua. Ni kipande cha mwanzi nilichokichonga uwani kwetu, na wino wake umetoka kwenye kibatari. Kalamu za dukani zipo, na nyingine nzuri, lakini mie nilizitumia miaka miwili bila kuelewa kwa nini herufi zangu zinayumba. Nilielewa siku nilipokata ncha kwa mkono wangu. Katika hati hizi ncha ndiyo rula. Herufi yote hupimwa kwa upana wake. Ndiyo maana naanza na kisu kabla ya wino.

Kuchonga

Tafuta mwanzi uliokauka wenyewe, si wa kukatwa jana, unene wa kidole cha shahada au pungufu, urefu wa shubiri moja. Matete ya mabondeni pia huandika, ila niliyojaribu mimi ni laini na ncha hufa upesi. Kisu kiwe kikali kweli. Kisu butu hurarua nyuzi, na ndicho kinachokata watu vidole, maana unalazimika kutia nguvu.

Kata mshazari mrefu, kama sentimita 3, mpaka ubaki ulimi. Kwangua nyama laini ya ndani ufike kwenye ganda gumu la nje, kwani hilo ganda ndilo litakaloandika. Punguza mabega pande zote mbili, kidogo kidogo, mpaka ulimi ufikie upana unaoutaka. Kwa kuanzia shika milimita 4 au 5. Ncha nyembamba huficha makosa, na wewe sasa unataka kuyaona. Kisha pasua ufa katikati ya ulimi, kama sentimita 1. Huo ndio mfereji wa wino.

Mkato wa mwisho ndio wenye kazi. Laza ulimi juu ya kitu kigumu (natumia kipande cha pembe ya ng'ombe), tega kisu mshazari wa nyuzi 30 hivi, bonyeza mara moja. Usikereze kama unakata mkate. Mkato mzuri una sauti yake, "ta!", fupi na kavu. Ukisikia mkwaruzo, rudia. Halafu shika kalamu kama kawaida yako na uiguse karatasi: ncha nzima inatakiwa itue pamoja. Ikitua pembe moja tu, mshazari umeelekea upande usio wako, kata tena. Usiusikitikie mwanzi, upo mrefu.

Wino

Washa kibatari cha mafuta ya taa uwani, jioni upepo ukishatulia, na ukinge moshi kwa sahani ya bati. Baada ya nusu saa utakuta utando mweusi kama mahameli. Ukwangue taratibu kwa karatasi ngumu.

Gundi ni ile ya mgunga, madonge ya rangi ya asali yanayouzwa maduka ya dawa za asili. Iloweke usiku kucha kwa maji machache, uichuje kwa kitambaa. Sasa angalia hapa, ndipo wengi wanapoharibu: masizi yana mafuta, ukiyamwagia maji yanaelea tu. Yasage kwanza na gundi, tone baada ya tone, mpaka yawe kama uji mzito unaong'aa, ndipo uongeze maji. Kipimo changu ni kijiko kimoja cha masizi yaliyoshindiliwa kwa kijiko kimoja na nusu cha gundi nzito. Na usage. Saa nzima bado ni kidogo.

Kidau cha wino kitie fundo la uzi wa hariri, wino uingie humo. Kalamu ikigusa fundo huchukua wino wa kiasi, na ncha haigongi chini ya kidau.

Kazi yangu ya kwanza niliyoitoa zawadi niliizidishia gundi na nikatia asali, nikitaka wino ung'ae. Nikaifunga kwenye fremu, kioo kimelala juu ya karatasi. Masika ikaingia. Shangazi alipokuja kuifungua ili aifute, nusu ya maandishi ikabaki kwenye kioo. Iliniuma sana, maana lilikuwa jina la marehemu mumewe. Tangu siku ile gundi naipima, asali sitii, na baina ya kioo na karatasi naweka ukingo wa kadibodi.

Karatasi haina maneno mengi. Ya kawaida hunywa wino na herufi huota ndevu. Ipake uwanga mwepesi wenye shabu kidogo, iache ikauke, kisha isugue kwa mgongo wa kauri mpaka iteleze.

Nukta, alifu, methali

Tua ncha, ivute mshazari kwa urefu uleule wa upana wake, inyanyue. Umepata kijiraba kilichosimama kwa pembe. Hiyo ndiyo nukta. Jaza ukurasa mzima. Kisha panga nukta 5 wima, moja juu ya nyingine, na ubavuni mwake shusha alifu: huo ndio urefu wake katika naskhi, hati ya kawaida ya vitabu. Kwa thuluthi, hati kubwa ya mapambo, panga 7. Mpango huu wa kupima herufi kwa nukta unanasibishwa na Ibn Muqla, waziri wa Baghdad aliyefariki mwaka 940. Walimkata mkono wa kulia kwa fitina za siasa, na kipimo chake bado tunakitumia. Alifu ikikaa sawa, be, nuni na lamu huzipata humohumo, kwa sababu zote zinarudi kwake.

Methali nilichagua ile kwa makusudi. Isome polepole: haba, na, haba, hujaza, kibaba. Haina e wala o, haina p, ch wala v. Kila sauti ina herufi yake ya Kiarabu na irabu tatu za chuoni, kwenye chuo cha Kurani, zinatosha. Mie "haba" naiandika kwa ha ya Muhammad, kwani asili yake ni neno la Kiarabu la punje, na "hujaza" kwa he nyepesi. Halafu tazama be zilivyojipanga mpaka mwisho, meno madogo yenye nukta chini yake. Kibaba ni robo ya pishi. Kwa hiyo nilipomwandikia bwana harusi nilizishusha zile nukta kama punje za mchele zinazomiminika.

Pa kutazama

Nauza khanga mchana kutwa, kwa hiyo majina, yaani yale maneno ya kwenye khanga, yanapita mikononi mwangu. Khanga za zamani ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu kabla ya hizi za kirumi, na ukibahatika kuiona moja kwenye sanduku la bibi, tazama maneno yalivyobanwa yaenee ndani ya kisanduku chake. Mji Mkongwe inua macho juu ya milango: kwenye kizingiti cha juu mara nyingi pana aya, pengine na mwaka wa Hijria. Na nenda Kizimkazi Dimbani. Maandishi ya kufi, hati ya kale ya Kiarabu, kwenye kibla ya msikiti ule ni ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107, yamechongwa kwenye jiwe la matumbawe. Shina za herufi zinapanda juu na kusukana kama ukili. Nilikaa pale mpaka adhana ya alasiri, nikatoka na ukurasa mmoja tu wa michoro, na ukurasa huo umenifaa miezi sita.

Lakini chanzo changu hasa ni sahani. Nilipougua homa utotoni, mwalimu wetu wa chuo alikuja kuandika kombe, aya za kuoshwa kwa maji na kunywewa, kwa zafarani iliyovurugwa kwa marashi, kwenye sahani nyeupe ya bibi. Aliandika mwendo wa duara kutoka ukingoni kuelekea katikati, sahani ikizunguka kwenye kiganja, kalamu haiondoki. Kisha maji yakamwagwa na zile herufi zikawa rangi tupu ya manjano. Nilitaka kulia, si kwa homa. Nilitaka zibaki.

Maswali ya wanakikundi

*Kutoka Wete: Mie hutumia mkono wa kushoto. Nijaribu au niache?*

Jaribu, ndugu yangu, tena una nafuu. Hati inatoka kulia kwenda kushoto, kwa hiyo mkono wako unatangulia mbele ya wino. Sisi wa kulia ndio tunaoburura mkono juu ya maandishi mabichi. Kata mshazari kwa upande wa pili, na uinamishe karatasi mpaka nukta yako ifanane na ya kwenye mfano.

*Kutoka Jambiani: Wino umekauka, lakini nikipitisha kidole unatoka mweusi.*

Gundi haitoshi. Rudi kwenye kusaga, ongeza tone moja moja na ujaribu kila mara. Ukipasuka na kung'aa kama varnishi, umezidisha.

*Kutoka Chake Chake: Naweza kuandikia khanga kwa wino huu?*

Hapana, dada. Ukifua unaondoka wote. Ni wino wa kuosheka, kama ule wa kwenye ubao wa chuoni tuliokuwa tukiuosha asubuhi. Kwa kitambaa tumia rangi ya vitambaa, na kalamu pana zaidi.

*Kutoka Mkokotoni: Sijasoma herufi za Kiarabu vizuri. Hati za kirumi zinakubali kalamu hii?*

Zinakubali sana. Edward Johnston wa Uingereza (1872–1944) aliifufua kazi ya kalamu pana kwa kuchunguza miswada ya karne ya 10, na naye alipima kwa upana wa ncha. Herufi kama n na o zipe urefu wa ncha 4, ushike kalamu kwa nyuzi 30 bila kuibadilisha.

*Kutoka Wete tena: Na "Mgeni njoo, mwenyeji apone"? Ina e, o na p.*

Wazee waliandika alama ya kasra kwa i na e, ya dhumma kwa u na o, na p mara nyingi wakaiacha be. Msomaji akijaza kwa kuijua lugha. Mie p naitia nukta tatu chini, na e na o nawaachia wazee. Anayeijua methali atasoma "apone" bila taabu.

*Kutoka Michenzani: Maalim, nianze na Bismillahi?*

Kwa mazoezi, la. Utachafua karatasi mia, na aya haitupwi jaani. Zoea kwa methali na majina ya watoto. Mkono ukitulia, mpelekee mwalimu wako wa chuo aikague imla yako, ndipo uiandike Bismillahi, kwa karatasi nzuri na udhu wako.