Kutoka bekari ya hoteli Ghuba hadi jiko la meli: anza na donati

Kama unakanda mikate kwenye hoteli ya Dubai, Doha au Muscat na umeanza kuulizia kazi za meli za kitalii, usijaze fomu ukiandika kwamba unaweza kufanya kazi yoyote. Andika bekari. Jiko la moto lina ushindani mkubwa wa watu waliokwisha kuzoea bahari, ilhali bekari ni kazi ya usiku na wengi huikwepa. Usiku huohuo ndio unaokufaa wewe mgeni: unapoingia zamu saa 4 usiku mko wachache, na haichukui muda kujulikana nani anaijua kazi na nani anabahatisha.

Wingi wa kazi usiuchukulie kirahisi. Icon of the Seas, iliyoanza kubeba abiria kutoka Miami Januari 2024, ina nafasi ya abiria 5,610 ukihesabu wawili kwa kila chumba, na hapo hujagusa wafanyakazi, ambao nao wanakula. Kwenye meli za namna hii mikate, keki na donati karibu zote hutengenezwa humohumo, maana meli ikishang'oa nanga hakuna duka la kukimbilia.

Donati ndiyo nakushauri uijue kwa undani, kwa sababu inakupima kila mahali: kukanda, kuumua, kukaanga, na kushika chakula kilicho tayari kuliwa.

Sisi wa pwani tuna mkono wa mahamri, na mkono huo hapa unaweza kukuponza. Donge la mahamri huwa kavu kidogo, lina tui la nazi na iliki, na tunalisukuma jembamba ili likiingia kwenye mafuta livimbe na kuacha uwazi ndani. Donati ya hamira haitaki uwazi. Donge lake lina mayai, maziwa na siagi, linanata vidoleni, na ukilinyunyizia unga mpaka likome kunata umeshaliharibu. Donati zitatoka nzito na zitakuwa zimekauka kabla abiria wa mwisho hajashuka kupata kifungua kinywa. Iache mashine ifanye kazi yake. Kata kipande kidogo, kivute taratibu kwa vidole vya mikono miwili. Kikikatika upesi, rudisha mashine. Kikifunguka kuwa utando mwembamba unaopitisha mwanga wa taa, donge limeiva.

Ukishakata maduara, yanaingia kwenye kabati la kuumulia lenye joto la kama nyuzi 35 na mvuke. Saa ya ukutani isikudanganye, kwa sababu joto la jiko la meli hubadilika kati ya Alaska na Karibi. Bonyeza kwa kidole: alama ikirudi mara moja, bado, ikirudi polepole, peleka kwenye mafuta, ikibaki vilevile, umechelewa. Mafuta yawe kati ya nyuzi 180 na 190, dakika moja hivi kila upande. Donati iliyoumuka sawasawa huelea juu ya mafuta na kutoka na ukanda mweupe kiunoni, pale ambapo mafuta hayakufika. Mkuu wa bekari atautazama ukanda huo kabla hajaonja chochote.

Tundu la katikati nalo lina hadithi ya kibaharia. Hanson Gregory, baharia wa jimbo la Maine huko Marekani, alidai kwamba ndiye aliyelibuni mwaka 1847, akiwa melini na umri wa miaka 16, kwa sababu andazi la duara lilikuwa likiiva pembeni na kubaki bichi katikati. Kama alikuwa wa kwanza kweli au la, hiyo ni kesi yake, ila sababu aliyoitoa ni ya kiufundi kabisa na bado inafanya kazi.

Mafuta ya moto baharini

Hotelini ukiona mafuta yanawaka unakimbilia mlangoni na kupiga simu zimamoto. Baharini zimamoto ni nyinyi wenyewe. Ndiyo maana SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, unaweka masharti ya pekee kwa karai za kukaangia za umeme zilizofungwa melini tangu Julai 2002: lazima ziwe na mfumo wake wa kuzimia moto, kidhibiti joto cha pili kinacholia endapo cha kwanza kimeshindwa, na umeme unaojikata mfumo huo unapofunguka. Siku yako ya kwanza, kabla ya kuuliza sukari iko wapi, uliza kitasa cha kufungulia mfumo huo kiko wapi na blanketi la moto limetundikwa wapi. Maji kwenye mafuta yanayowaka, kamwe.

Bahari ikichafuka, troli zote zinafungwa breki na kamba, trei zinashushwa chini, na karai huzimwa mkuu wa jiko akisema. Usibishane naye kwa sababu una trei mbili tu zimebaki. Donati za siku hiyo zitageuzwa mikate ya oveni, na hakuna abiria atakayekufa kwa hilo.

Mafuta yaliyotumika pia yana sheria. MARPOL, mkataba wa kimataifa wa kuzuia meli kuchafua bahari, unakataza kumwaga mafuta ya kupikia baharini. Yanahifadhiwa na kushushwa bandarini au kuteketezwa melini. Mfuko wa plastiki ukikutwa kwenye pipa la mabaki ya chakula, utaitwa ofisini mapema kuliko yule aliyeunguza mkate.

Kipimajoto na karatasi

Hapa ndipo wengi wetu tunapokwama, na si kwa kukosa ujuzi. Meli zinazofika bandari za Marekani zikitoka nchi nyingine, zikiwa na abiria 13 au zaidi, ziko chini ya mpango wa usafi wa meli wa CDC, taasisi ya afya ya Marekani, ulioanza mwaka 1975. Melini watu huuita USPH. Wakaguzi huja bila taarifa, kwa kawaida mara mbili kwa mwaka, na huanza na alama 100 wakikata. Meli ikipata 85 au chini imefeli, na matokeo yanatangazwa hadharani. Mkaguzi hazungumzi na wakubwa tu. Atakuja mezani kwako, ataomba kipimajoto chako, na atakuuliza wewe.

Basi jua majibu. Chakula cha baridi kinachoharibika haraka kikae nyuzi 5 au chini, cha moto nyuzi 57 au juu. Kastadi ya kujazia donati ikishapikwa ishuke kutoka 57 hadi 21 ndani ya saa mbili, kisha hadi 5 ndani ya saa nne nyingine. Imwage kwenye trei pana za kina kifupi, maana sufuria nzima haitapoa hata ukiisomea dua. Andika muda na joto kwenye daftari pale pale. Donati tupu yenye sukari haina shida mezani. Yenye kastadi au krimu ina muda wake, na muda ukiisha inatupwa hata kama ni nzuri. Ukishaikaanga hushiki kwa mkono mtupu. Ni glavu au koleo, na ya karanga ina koleo lake.

Ukiharisha au kutapika, sema. Najua hofu ya kukosa zamu na kuonekana mvivu, hasa mwezi wa kwanza. Lakini virusi vya noro vinaweza kulaza meli nzima, na mpishi anayeugua hutengwa mpaka zipite angalau saa 48 bila dalili. Kuficha ndiko kunakofukuzisha watu. Na jeli ya mikono haiviwezi vizuri virusi hivyo. Ni sabuni na maji.

Karatasi nyingine ni ya saa za kazi. MLC, mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa mwaka 2006, unataka baharia apate mapumziko ya saa 10 katika kila saa 24, na 77 katika siku saba. Mapumziko ya siku yanaweza kugawanywa vipande viwili tu, na kipande kimoja kisipungue saa sita. Wapo wasimamizi watakaokuambia usaini saa chache kuliko ulizofanya ili rekodi ipendeze. Ukisaini, siku ya kudai huna ushahidi, kwa sababu umejikana mwenyewe.

Kabla ya kuacha kazi Ghuba

MLC hiyohiyo inakataza wakala kumtoza baharia ada ya kumpatia kazi. Unachoweza kulipa ni cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti. Viza ni ya mwenye meli. Anayekudai "ada ya nafasi" kwa WhatsApp, mzuie (block).

Mafunzo ya msingi ya usalama ya STCW, mkataba wa kimataifa wa mafunzo na vyeti vya mabaharia, utayahitaji. Mkenya anaweza kuyapata Bandari Maritime Academy, Mombasa; Mtanzania, Chuo cha Bahari Dar es Salaam. Yapange ndani ya likizo yako ya mwaka, ukiwa bado na mshahara. Viza ya mabaharia ya Marekani, C1/D, omba nchini kwako au unakoishi kihalali, wala usifute ukaazi wako kabla haijatoka. Falme za Kiarabu, ukishatimiza mwaka kazini, unadai kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku 21 kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza. Toa notisi kama mkataba unavyosema na ukichukue chote. Kwa mwenye kadi ya kijani ya Marekani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, hesabu ni nyingine: kuwa nje zaidi ya miezi sita mfululizo huleta maswali kwenye ombi la uraia, na mikataba ya jikoni melini mara nyingi ni miezi sita hadi tisa. Muulize mwanasheria kwanza.

Kwa Mwislamu, bekari ina nafuu kuliko jiko la moto, ila si safi kabisa: kuna ramu kwenye keki, jelatini kwenye krimu, na mara nyingine nyama ya nguruwe juu ya donati. Uliza usaili ukiendelea kama utalazimika kuonja. Ramadhani ikikukuta melini, mwambie mkuu wa bekari wiki mbili kabla, siyo usiku wa kuandama mwezi, kwa sababu zamu zinakuwa zimeshapangwa. Zamu ya usiku ndiyo ya kuomba: daku unakula kazini, na mchana unalala.